Posa Iliyomkosa Binti

Shangazi Esta hakuitikia shikamoo.

Aliisikia vizuri. Kila mtu pale uani aliisikia. Hata mbuzi waliokuwa wakitafuna mashudu ya alizeti kando ya ghala waliinua vichwa. Lakini yeye aliendelea kupeta uwele wake, ungo ukipanda na kushuka, na upepo wa Juni ukayachukua makapi moja kwa moja hadi kwenye gauni la Febronia.

"Shikamoo, shangazi," Febronia alirudia, akikunja goti zaidi.

Shangazi Esta akamgeukia wifi yake, Mama Chediel, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mlenda. "Wifi, sauti hii si ya yule binti wa India?"

"Ni yeye," alijibu Mama Chediel kwa upole. "Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mama Febronia, sogea huku ukutani, upepo usikupige."

Mama yake Febronia alisogea. Febronia mwenyewe alibaki amesimama na mfuko wa zawadi mkononi, hajui aushushe au aendelee kuushika.

Kosa lake alilijua. Alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya kilimo kule Morogoro, utafiti wake ukihusu uwele, zao hilihili lililokuwa likipetwa mbele yake, na chuo kilimpeleka Hyderabad, India, kwenye mkutano wa wataalamu wa uwele na mtama. Kabla hajaondoka, yeye na mchumba wake Chediel, kijana wa boma hili, walipatana: mkutano ukiisha anarudi, na Jumamosi inayofuata wazee wa Ilongero wanakwenda Mtinko kwa baba yake kuposa. Mkutano uliisha vizuri. Alisoma mada yake bila kutetemeka, akapigiwa makofi. Halafu Sushila, mwanafunzi mwenzake wa kule, akamuuliza, "Umetoka Afrika uje kuona ukumbi tu?" Akamwalika kwao Rajasthani, mbali kwa treni, pembeni mwa jangwa, ambako watu wameishi kwa uwele tangu enzi na enzi.

Asubuhi yake Febronia alipiga simu mjini Singida, dukani kwa Chrispin, aliyekuwa akiwapokelea ujumbe watu wa Ilongero, kwa maana Ilongero simu haikuwako. Akaacha ujumbe kwamba posa isogezwe mbele. Simu ilikwaruza, Chrispin alikuwa na wateja, na ujumbe ukafika Ilongero Jumapili. Jumamosi wazee walikuwa wamekwisha kwenda.

"Nilivaa kitenge kipya," alisema Shangazi Esta, safari hii akimtazama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho yasiyopepesa. "Nilikaa sebuleni kwa baba yako na wazee wenzangu. Tukasema shida yetu kwa adabu. Nikaomba binti aitwe tumwone, aseme mwenyewe kama anatujua. Baba yako akatazama viatu vyake. Mama yako huyu akatazama dari. Mwisho akaitwa mdogo wako, akatuambia umepanda ngamia."

"Ngamia nilimpanda baadaye, shangazi. Siku ile nilikuwa bado kwenye treni."

"Febronia!" mama yake alimkaripia.

Mama Chediel aliinamisha kichwa juu ya mlenda, mabega yakimtikisika.

"Nimekuja kuomba radhi," Febronia alisema haraka, akapiga magoti kabisa kwenye makapi. "Nilikosea. Nilipaswa kungoja nijue kama ujumbe umefika, ndipo nipande treni. Niliwaaibisha wazee wangu na wazee wenu. Nisamehe, shangazi. Nisamehe, mama. Na Chediel naomba nimwombe radhi yeye mwenyewe. Yuko mashineni?"

Mama Chediel akamtazama Shangazi Esta. Ndipo Febronia alipogundua kitu kilichokuwa kikimsumbua masikioni tangu aingie pale. Palikuwa kimya mno. Tangu serikali iliporuhusu biashara huria na Chediel akanunua mashine yake ya kukamua alizeti, boma lile halikuwa na kimya msimu wa mavuno. Leo mlango wa kibanda cha mashine ulikuwa na kufuli.

"Chediel yuko wapi?" aliuliza.

"Eti sisi ndio tuulizwe!" Shangazi Esta aliutupa ungo chini. "Kaenda Dar es Salaam kukupokea wewe! Tulimkataza. Akasema ulimwachia Chrispin habari kuwa ndege yako inashuka Alhamisi, na atasimama palepale uwanjani akuone ukishuka. Hata Dodoma alikuwa hajawahi kufika!"

"Lakini nilipata nafasi kwenye ndege ya Jumatano," Febronia alisema, sauti ikimpotea. "Niliharakisha kwa ajili yake. Nikachukua treni mpaka Manyoni."

Mama Chediel aliinua uso. "Basi mlipishana njiani. Wewe kwenye treni, yeye kwenye basi."

"Leo ni Jumamosi," alisema Shangazi Esta. "Tulikuwa tumepoteza mkwe. Sasa tumepoteza na kijana."

Mama yake Febronia alijaribu kuaga. Alisema wataondoka, watarudi Chediel akishafika. Shangazi Esta akanyoosha mkono.

"Wewe mama nenda salama, huna kosa. Huyu abaki."

"Abaki wapi? Msichana hajaolewa!"

"Atakaa kwangu, hapo ng'ambo ya zizi. Nalala naye chumba kimoja. Mpwa wangu alikaa mlangoni kwenu Jumamosi ile mpaka jua likazama, hata baada ya sisi kuondoka. Unalijua hilo, binti? Hukuambiwa?" Sauti ya shangazi ililegea kidogo, kisha ikakaza tena. "Basi na wewe kaa umngoje. Uonje."

Febronia hakuwa ameambiwa. Alimtazama mama yake, na mama yake akatazama pembeni.

"Nitakaa," alisema.

* * *

Mabasi ya Dodoma yalifika Singida mjini alasiri. Kutoka mjini, abiria wa Ilongero walipanda pikapu, na pikapu zilisimama penye miamba mikubwa, chini kidogo ya nyumba ya Shangazi Esta. Febronia alilijua hilo siku ya kwanza. Kufikia siku ya tatu alikuwa anazitambua pikapu kwa mlio.

Kila moja iliposimama, aliinuka. Alishuka mama mwenye gunia la vitunguu, mwalimu, mzee na jogoo wake. Chediel hakushuka. Akarudi kwenye kinu, akaendelea kutwanga.

Alikuwa amesubiri mambo mengi maishani: matokeo ya mtihani, viza, zamu yake ya kupanda jukwaani kule Hyderabad. Hakuwahi kumsubiri mtu bila kujua yuko wapi. Kama basi lilipinduka? Kama aliibiwa pale Kariakoo, akawa anatembea bila nauli? Au kama alisimama uwanjani, akaona abiria wote wameshuka na yeye hayumo, akasema moyoni, basi, imetosha? Wazo hili la mwisho lilimuuma kuliko la basi kupinduka, na aliona haya kwa hilo.

"Hujala," alisema Shangazi Esta jioni ya Jumapili.

"Nimeshiba, shangazi."

"Hujala, ndiyo maana unatwanga kama unampapasa mtoto." Alisogeza kigoda. Akauliza huku akitazama ukutani, kana kwamba anauuliza ukuta. "Huko ulikokwenda. Wanakula nini?"

"Uwele, shangazi."

"Usinidanganye."

"Kweli. Uwele huuhuu. Wanasaga, wanakanda unga kwa maji ya moto, wanatengeneza mikate ya bapa kama chapati, wanachoma kwenye kikaango cha udongo. Halafu wanapaka samli."

"Si ugali?"

"Si ugali."

Shangazi Esta alifikiri. "Samli ninayo," alisema mwisho. "Asali ninayo. Unga huo hapo. Kama ni uongo tutaujua sasa hivi."

Mkate wa kwanza ulivunjika. Wa pili ukaungua upande mmoja. Wa tatu ulitoka mzima, wa kijivu, ukinukia moshi na samli, na Shangazi Esta akaupaka asali kwa kidole, akautafuna taratibu kwa uso wa hakimu.

"Mhm," alisema. Akaomba wa nne.

Kuanzia hapo maswali hayakukatika. Wanawake wa kule wanabeba maji kichwani au mgongoni? Kichwani, shangazi, mitungi miwili mmoja juu ya mwingine. Ng'ombe wao je? Wana pembe kubwa, na hawachinjwi, wanatembea barabarani na magari yanawapisha. Shangazi Esta alicheka kwa hilo mpaka akashika ubavu. Alisema ng'ombe wake wasisikie habari hiyo. Na ndege inapopaa, tumbo linakuwaje? Linabaki chini, shangazi, halafu linakufuata. Na mji ule ambao nyumba zake zimepakwa rangi ya buluu, nani aliwaambia wapake? Febronia hakujua. "Ulipaswa kuuliza," Shangazi Esta alimkemea. "Unakwenda mpaka huko na huulizi?"

Siku ya Jumatatu Mama Chediel alivuka zizi na kigoda chake kuja kusikiliza. Mzee Alute, baba yake Chediel, mtu wa maneno machache, alikuja kuazima nyundo, akakaa mpaka habari za ngamia zikaisha. Nyundo akaisahau.

Ila usiku, taa ilipozimwa, Shangazi Esta alimwuliza jambo lingine.

"Unampenda mpwa wangu, au unampenda kwa sababu yuko?"

Febronia aligeuka kitandani. "Nilipofika jangwani, shangazi, nikaona mama mmoja anapeta uwele kama wewe ulivyokuwa unapeta. Mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia alikuwa Chediel. Nikageuka kabisa, kama yuko nyuma yangu."

Shangazi Esta alinyoosha mkono gizani. Alimvutia blanketi mabegani.

* * *

Chediel alishuka Jumatano.

Febronia alikuwa kwenye kikaango, unga mpaka kwenye viwiko, khanga ya shangazi kiunoni, na safari hii pikapu iliposimama hakuinuka, kwa kuwa mkate ulikuwa karibu kuungua. Aliposikia sauti ikimwambia dereva "ngoja, kuna begi lingine," aliacha mkate uungue.

Alikuwa yeye. Kofia mpya, kandambili mpya, pua imebabuka kwa jua. Alikuwa anacheka na dereva. Alipogeuka akamwona, kicheko kilimkauka, akasimama na begi mkononi kama mtu aliyepigwa picha bila kuambiwa.

Wakatazamana. Macho yake yaleyale, yaliyoanza kumsumbua tangu kidato cha tatu, yenye kope ndefu zisizofaa kwa mwanamume. Febronia alitaka kukimbia amrukie. Alikwenda hatua chache hivi, halafu akamwona vizuri: kofia, kandambili, na mwili ulioongezeka. Mtu huyu hakuibiwa. Mtu huyu alikuwa amekula samaki.

"Umetoka wapi?" aliuliza.

"Kukupokea," alisema Chediel.

"Mimi nipo hapa tangu Jumamosi."

"Nilijua umeshafika. Niliuliza pale uwanjani, dada mmoja akaangalia, akaniambia umepita jana yake."

"Aliangalia lini?"

"Alhamisi."

Shangazi Esta alikuwa ametoka na mwiko mkononi. Mama Chediel na Mzee Alute walikuwa wanavuka zizi. Febronia alikunja mikono ya unga kifuani.

"Alhamisi ukajua nimepita. Ijumaa ulifanya nini?"

"Ijumaa basi lilijaa."

"Jumamosi?"

Chediel alitazama kandambili zake. "Binamu yangu wa Temeke akanipeleka Kigamboni. Kwa pantoni. Nione tu."

"Jumapili?"

"Jumapili..." Alijikuna shingo. "Jumapili nilirudi Kigamboni."

"Na binamu?"

"Peke yangu."

"Jumatatu, Chediel! Mimi naruka kila pikapu ikisimama, nakuona umelala mtaroni, Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Kuna ghorofa moja mjini," alisema Chediel kwa sauti ndogo, "lina lifti. Mlinzi akaniruhusu nipande. Nikashuka. Nikamwomba nipande tena."

Kwanza ilisikika kama kikohozi. Halafu Mzee Alute, mtu wa maneno machache, alishika nguzo ya zizi akacheka mpaka machozi. Mama Chediel akafuata. Febronia alijitahidi sana kubaki na hasira, lakini aliona ile lifti, akaona na Chediel ndani yake na kofia yake, ikamshinda. Shangazi Esta peke yake hakucheka. Aliwaelekezea wote wawili mwiko.

"Nendeni pale kwenye miamba mkazungumze, tuwaone, tusiwasikie. Na mkate umeungua."

Jiwe lilikuwa na joto la jua. Walikaa wakiacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao, na upepo ukapita hapo.

"Nilikuwa nimeandaa maneno," Chediel alianza. "Makali. Nimeyapanga kutoka hapa mpaka Dodoma, nikayarudia Dodoma mpaka Dar. Nilitaka nikwambie hapohapo uwanjani, kwamba umelipenda jangwa kuliko mimi. Kwamba nilikaa mlangoni kwenu kama mgonjwa."

"Niambie."

"Siyakumbuki tena." Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Iliniuma, Febro. Sitakuficha. Watu walinipita na baiskeli wananisalimia, nami najua wanakwenda kusema. Nikajiuliza, anatafuta nini huko ambacho hakipo hapa? Mkutano umeisha, arudi! Halafu nikaiona bahari. Nikasema, kesho asubuhi naondoka. Asubuhi ikafika, nikasema, niione mara moja tu. Sikuwa nimekusahau. Nilikuwa nakuwaza wakati wote, na bado miguu haitaki kwenda stendi. Ndipo nikajua jinsi ulivyokuwa kule."

Febronia alifikicha unga uliokauka vidoleni. "Na mimi nilikuwa sijui kungoja," alisema. "Nilidhani ni kukaa tu. Chedi, nisamehe. Nilikuacha mlangoni na wala sikuwa na habari. Nilikuwa napiga picha."

"Nimesamehe tangu Kigamboni."

"Ya kwanza au ya pili?"

"Ya pili. Ya kwanza bado nilikuwa na hasira."

Akasogea, akaimaliza ile nafasi ya mtu mmoja. Mkono wake ukaupata wa Febronia, na unga ukawashika wote wawili. Kutoka uani mwiko uligongwa kwenye sufuria mara moja, kwa onyo. Hawakuachana.

"Kuna jambo," alisema Febronia. "Afadhali ulisikie sasa. Profesa mmoja kule amesema kuna mkutano mwingine mwaka kesho. Ureno au Senegali, bado hawajaamua. Nikiitwa nitakwenda. Sitaki kukuahidi nitabaki nyumbani halafu nije nikuvunjie ahadi tumeshaoana."

Chediel alitazama chini, kwenye mashamba ya alizeti yaliyobaki mabua. Febronia aliukaza mkono wake bila kujua.

"Nenda," alisema mwisho. "Ila nisisikie dukani. Nisikie kinywani mwako kwanza, kabla hujapanda kitu chochote. Na ukiona pana kitu cha kuzunguka kuangalia, uniambie mapema nifunge mashine, nije."

"Utakuja?"

"Nauli nitaitafuta. Mimi nimeshaonja."

Febronia alicheka na machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, akabaki na unga shavuni. Chediel alinyoosha kidole kuufuta. Sufuria ikagongwa mara tatu mfululizo.

"Inatosha!" Shangazi Esta aliita. "Chediel! Lile gari linakwenda wapi?"

"Mtinko, shangazi. Liko hapo chini, dereva anakunywa chai."

"Mwambie asiondoke." Alikuwa amevua khanga ya jikoni, na kitenge kipya kilikuwa begani. "Mzee Alute, vaa koti. Wifi, chukua ile samli na mikate iliyopona. Leo hawa wote wawili wako nchi kavu, na mimi siwaamini mpaka kesho."

"Leo hii?" Mama Chediel alishtuka. "Bila kuwapa taarifa wenzetu?"

"Taarifa tutawapa tukifika. Tukianza kupanga tarehe tena, mmoja ataonekana Uchina."

Wakapanda, wazee mbele, wengine nyuma pamoja na magunia ya chumvi. Njia nzima Shangazi Esta alikaa katikati ya Chediel na Febronia, mgongo umenyooka, akiwaeleza abiria wenzake jinsi nyumba za buluu zilivyopangwa kule India kana kwamba alilala huko. Karibu na Mtinko aligonga paa la gari.

"Hapa binti anashuka. Pita shambani, ingia kwa mlango wa jikoni, unawe mikono. Sisi tutakuja kwa mbele. Hatukujui, umeelewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

Alikimbia. Mama yake alimwona akiingia jikoni na unga mpaka nyusini, akafungua kinywa kuuliza, na hapohapo hodi ikasikika sebuleni. Mazungumzo yalikuwa marefu, ya adabu, ya kukohoa na kuombana radhi. Febronia aliyasikiliza nyuma ya pazia, akiwa amevaa gauni safi upande wa nyuma mbele, akalivua, akalivaa tena.

Halafu baba yake akamwita.

Alitoka, akapiga magoti, akawasalimia wageni wote. Shangazi Esta aliitikia marahaba yenye nguvu kuliko wote.

"Binti yangu," alisema baba yake, "wageni hawa wanasema wamekuja kwa ajili yako. Unawafahamu? Tupokee walichokuja nacho, au tuwasindikize?"

Febronia aliinua macho. Chediel alikuwa kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango, kofia mpya ameikunjakunja mapajani, hathubutu kupumua.

"Nawafahamu, baba," alisema. "Pokea."

Vigelegele vya Shangazi Esta vilisikika mpaka barabarani, ambako dereva wa pikapu, bila kujua kinachosherehekewa, alijibu kwa honi.